Kwa nini aliyeumizwa hurudi palepale

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hilo tunalielewa wote: aliyepata maumivu makali huogopa hata kinachofanana nayo. Lakini karibu kila ukoo una mtu ambaye maisha yake yanaonekana kwenda kinyume na methali hiyo. Binti aliyelelewa na baba mlevi aliapa mbele ya wadogo zake kwamba hataolewa na mnywaji, na sasa yuko kwenye ndoa ya pili, na mume wa pili naye anashinda kilabuni. Mwanamume aliyechapwa kwa waya wa pasi mpaka akawa analala kifudifudi, leo anamchapa mwanawe kwa waya. Mwanamke aliyeachwa na mama yake kwa bibi akiwa na miaka minne, tangu awe mtu mzima kila mpenzi anayempata yeye ndiye humwacha kwanza, ghafla, bila maelezo, mambo yakiwa mazuri.

Watu wana majibu yao. Ana nyota mbaya. Ni laana ya ukoo, aombewe. Amerogwa. Na wale wenye ulimi mkali husema anapenda shida mwenyewe, angetaka angeacha. Jibu hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mhusika naye huliamini. Amejiuliza mara nyingi usiku ana kasoro gani, na hajapata jibu lingine ila kwamba yeye ni mjinga.

Si mjinga. Anachokirudia leo kiliwahi kuwa jibu sahihi kwa hatari ya kweli, na mwili wake ulikishika kwa sababu kilimsaidia kufika hapa alipo. Ugumu ni kwamba mwili haukupata taarifa kwamba hatari imepita.

Jeraha la hatari kama hiyo huitwa kiwewe. Tuanze na kiwewe chenyewe, maana siku hizi neno hili linatajwa hata kwa mambo madogo. Kufeli mtihani kunauma, kuachwa na mchumba kunauma, lakini maumivu peke yake si kiwewe. Kiwewe hutokea pale hatari inapomzidi mtu uwezo: hana pa kukimbilia, hawezi kupigana, na mara nyingi hana wa kumweleza baadaye. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliingiza athari zake katika orodha rasmi ya magonjwa, baada ya miaka ya kudai kwa askari waliorudi kutoka Vietnam na wale waliokuwa wakiwahudumia. Ndiyo maana wengi wetu tukisikia kiwewe tunawaza vita, ajali au ubakaji, tukio lenye siku na saa. Kuna kiwewe kingine kisicho na siku. Ni utoto wenyewe, miaka kumi ya kuishi na mtu ambaye huwezi kujua leo atakuwaje. Hiki ndicho kinachozaa tabia za kujirudia kuliko kingine chochote, na ndicho ambacho mhusika huwa wa mwisho kukiita kiwewe, kwa kuwa hana siku moja ya kuinyooshea kidole. Kwake hayo yalikuwa maisha ya nyumbani tu.

Fikiria nyumba ambayo baba hurudi usiku. Mtoto wa miaka saba amefumba macho lakini masikio yako macho. Anasubiri komeo la geti. Likifunguliwa polepole, usiku utapita salama. Geti likibamizwa ukutani, anajua la kufanya: anamwamsha mdogo wake kwa kumbana mdomo asilie, anamvuta uvunguni, anapumua kwa puani taratibu asisikike. Hakuna aliyemfundisha. Baada ya muda anaweza kutofautisha hatua za baba aliyekunywa bia mbili na za baba aliyetoka kwenye gongo. Anajua kikohozi gani ni cha hatari. Asubuhi, kabla ya kusalimia, anasoma uso wa mama kwanza.

Kwenye nyumba ile, mtoto yule ana akili kuliko mtu mzima yeyote pale ndani. Kila alichojifunza ni cha kweli na kina kazi.

Sasa ana miaka thelathini na nne, ni mhasibu, anaheshimika. Mchana mmoja mkuu wake anaingia ofisini na upepo unaubamiza mlango nyuma yake. Moyo wa mhasibu unakwenda mbio, viganja vinalowa, na kutwa nzima hafanyi kitu ila kukagua barua pepe zake za wiki iliyopita akitafuta kosa. Jioni anakwenda kuomba radhi kwa jambo ambalo mkuu wake hata halijui. Anaporudi nyumbani amechoka kama aliyebeba mizigo. Mkewe akimuuliza kulikoni, anasema kazi nyingi. Geti halimjii akilini hata kidogo.

Halimjii kwa sababu ubongo hauweki kumbukumbu zote mahali pamoja. Kumbukumbu za kusimulia, zile zenye "ilikuwa Jumapili, tulikuwa kwa shangazi", hupangwa kwa msaada wa sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo hulipatia tukio mahali na wakati wake. Kumbukumbu za hatari hushikwa pia na amigdala, kipande kidogo ndani zaidi, na yenyewe haijali tarehe. Inashika sauti, harufu, sura, mkao wa bega la mtu aliyekasirika. Ikikutana na kinachofanana, hupiga king'ora kabla sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima na kuamua, haijamaliza kazi yake. Homoni ya adrenalini inamwagika, kisha ya kotisoli, mwili unajiandaa. Mtu hasikii kwamba anakumbuka kitu. Anasikia kwamba kuna hatari sasa hivi, hapa ofisini, kisha akili inaanza kutafuta sababu za kuielezea hofu ambayo tayari imeshafika. Hapo ndipo mawaidha yanapogonga mwamba. Ukimwambia mhasibu yule "bosi wako ni mtu mwema" atakubaliana nawe kwa moyo wote, na kesho mlango ukigonga mwili wake utafanya yaleyale.

Mfano mzuri kuliko wote wa jambo hili ulitoka mahali pasipotarajiwa, kliniki ya kupunguza uzito. Katika miaka ya 1980, daktari Vincent Felitti wa San Diego, Marekani, alikuwa akiwasaidia watu wenye unene wa kutisha, na mpango wake ulifanya kazi. Kilichomshangaza ni kwamba waliokuwa wakiacha mpango ni wale waliokuwa wakifanikiwa. Mmoja wao, mwanamke aliyekuwa amepungua sana, alianza kunenepa tena kwa kasi ya ajabu ndani ya wiki chache. Felitti alipomhoji, mama yule alieleza kwamba kazini kuna mwanamume aliyemsifia na kumtaka kimapenzi. Kisha likatoka lililokuwa nyuma: alinajisiwa utotoni na ndugu wa ukoo wake. Felitti akaanza kuwauliza wagonjwa wengine swali ambalo madaktari hawakuwa wakiliuliza, na akakuta wengi wana historia kama hiyo. Unene ambao yeye aliuona kuwa ugonjwa, kwa baadhi yao ulikuwa ngao. Mwili mkubwa hautamaniwi, au ndivyo walivyotumaini.

Kutokana na hapo yeye na mwenzake Robert Anda waliwauliza zaidi ya watu 17,000 kuhusu utoto wao: kupigwa, kunajisiwa, kudharauliwa, kutelekezwa, mama kupigwa, mlevi ndani ya nyumba, mzazi kufungwa, mzazi kuwa na ugonjwa wa akili, wazazi kuachana. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1998. Waliopitia aina nne au zaidi, wakilinganishwa na wasiopitia hata moja, walikuwa kwenye hatari ya ulevi, madawa ya kulevya, sonona na kujaribu kujiua mara nne hadi 12 zaidi. Na wengi wa watu hawa walikuwa wafanyakazi wenye bima ya afya na elimu yao nzuri. Anda mwenyewe ameonya baadaye kwamba hesabu ile isitumiwe kumtabiria mtu mmoja mmoja maisha yake, na onyo hilo ni muhimu, kwa kuwa mitandaoni watu hujipa alama na kujihukumu. Takwimu huonyesha mwelekeo wa umma. Haijui wewe ulikuwa na bibi wa aina gani.

Nilichokichukua kwa Felitti si takwimu bali lile swali lililogeuzwa. Daktari alikuwa akiuliza namna ya kuondoa tatizo, kumbe kwa mgonjwa lile lilikuwa suluhisho. Ukiliuliza swali hilo kuhusu tabia yoyote inayojirudia, mengi hufunguka. Yule anayekubali kila anachoombwa mpaka anaumia alikulia pale ambapo "hapana" ilimletea kipigo. Anayeganda na kunyamaza mke akianza kugomba, na mke anadhani anadharauliwa, aliwahi kuwa mtoto ambaye kimya ndicho kilichomwokoa. Asiyeweza kukaa na pesa bila kuzigawa kwa ndugu huenda alinunua amani kwa njia hiyo tangu zamani.

Bado hatujajibu la binti na waume wawili walevi. Hofu inaeleza kwa nini mtu anakimbia. Kwa nini huyu anaelekea huko huko?

Sehemu kubwa ya jibu ilianzia hapa kwetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala akimfuata mumewe, aliyepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki. Alitoka London alikokuwa akifanya kazi na John Bowlby, daktari wa akili aliyekuwa akijenga hoja kwamba mtoto humhitaji mlezi kama anavyohitaji chakula. Ainsworth akaamua kwenda kuona kwa macho. Alizitembelea familia 26 katika vijiji vya Baganda, kila baada ya wiki mbili hivi, kwa miezi, akisaidiwa na mkalimani, akikaa sebuleni na akina mama wakati watoto wakitambaa. Aliona jinsi mtoto anavyojitenga na mama kwenda kuchunguza kitu, akageuka kumwangalia, akaendelea, akarudi kugusa goti lake, akaondoka tena. Aliona pia kwamba mama aliyeweza kusimulia kwa undani kuhusu mtoto wake, analiaje akiwa na njaa na analiaje akiwa na usingizi, ndiye aliyekuwa na mtoto aliyetulia. Wengine walilia hata wakiwa mikononi mwa mama. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka mwaka 1967, na kazi aliyoifanya baadaye Baltimore, Marekani, iliyomletea sifa duniani, ilikuwa mwendelezo wa aliyoyaona Buganda.

Kutokana na kazi hiyo tunajua kwamba kabla hata ya kuongea mtoto anakuwa ameshajifunza la kutarajia kwa watu. Nikilia, atakuja? Akija, atakuwa na hasira? Aliyepata jibu la kueleweka hutulia. Asiyejua kama mlezi atakuja hung'ang'ania na kulia zaidi, kwa kuwa kelele ndiyo iliyowahi kumsaidia. Anayekataliwa kila mara hujifunza kutoomba kabisa. Katika miaka ya 1980 Mary Main, aliyekuwa mwanafunzi wa Ainsworth, pamoja na Judith Solomon, walieleza kundi la nne, ambalo linahuzunisha kulisoma. Hawa ni watoto waliomwendea mama kinyumenyume, au walianza kumkimbilia wakaganda katikati ya chumba mikono ikiwa juu. Wengi wao waliishi na mlezi aliyewatisha. Maumbile yanamwamuru mtoto aliyeogopa akimbilie kwa mzazi. Je, kama mzazi ndiye anayetisha? Mtoto anakimbilia na kukimbia kwa wakati mmoja, kwa mtu yuleyule.

Hapo ndipo methali ya nyoka inapoishia. Nyoka hajawahi kumbeba mtu mgongoni, kumnunulia maandazi, kumwita "mama yangu mdogo" akiwa mzima asubuhi. Baba mlevi alifanya hayo yote. Binti yule alijifunza upendo na hofu kutoka kwenye mkono mmoja, na mwili wake haukupata nafasi ya kuvitenganisha. Akiwa mtu mzima akakutana na kijana mpole, anayepiga simu saa aliyoahidi, anasema "ni mzuri lakini sisikii kitu". Akakutana na mwingine ambaye leo yuko, kesho hayupo, na moyo unaamka: tumbo linamkaza, anasubiri simu, akiona jina lake kwenye skrini dunia inang'aa. Anakuita kule kukaza penzi. Mwili wake unajua jina la zamani la kule kukaza: hofu. Tena anajua kabisa namna ya kuishi na mtu wa aina hii: kusoma uso, kutuliza, kuficha chupa, kudanganya wageni. Kwa yule mpole hana ujuzi wowote, na kutokuwa na ujuzi nako kunatisha.

Kuna jambo lingine, la polepole zaidi. Tunachokitarajia hutufanya tutende kwa namna inayokileta. Yule mwanamke aliyeachwa kwa bibi hamwamini anayesema atabaki, kwa hiyo anampima. Anakagua simu, anazusha ugomvi usiku wa manane, anasema "kama umechoka ondoka". Mwanamume akivumilia, kipimo kinaongezwa. Siku akichoka, mwanamke anapata uthibitisho aliokuwa akiungoja tangu ana miaka minne. Au hasubiri kabisa, anaondoka yeye, kwa kuwa kuachwa ukiwa umejiandaa kunauma kidogo kuliko kushtukizwa.

Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha tiba ya kuchunguza nafsi, aliliona jambo hili la kurudia mwaka 1920, akiwatazama askari walioota vita usiku baada ya usiku, na akafikia kudhani kuna nguvu ndani ya binadamu inayovuta kuelekea mauti. Wengi waliomfuata hawakumkubalia, na mimi nadhani walikuwa sahihi. Katika maisha ya watu hawa sioni hamu ya kufa. Naona mtoto anayeendelea kutumia alichonacho.

Hapa lazima niseme kitu kwa ukali kidogo, kwa kuwa maelezo haya hugeuzwa silaha. Si kila mwanamke anayerudi kwa mume anayempiga anarudia utoto wake. Wengi wanarudi kwa sababu hawana nauli, kwa sababu watoto watabaki kwa baba, kwa sababu wazazi hawawezi kurudisha mahari na shangazi amemwambia avumilie. Mwingine amepiga hesabu na kuona kwamba siku ya kuondoka ndiyo hatari kuliko zote. Mtu wa namna hiyo anahitaji mahali pa kulala na wakili kabla ya mtaalamu wa saikolojia. Na hata pale ambapo utoto umechangia kumchagua mume, ngumi ni ya aliyeipiga.

Tuje kwa watoto, maana ndiko kurudia kunakoumiza wasiohusika. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uligundua kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepitia ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wengi wetu, basi, fimbo ilikuwa hali ya kawaida, na kitu cha kawaida hakiitwi jeraha. "Mimi nilichapwa na nimekuwa mtu" ni kauli ya dhati. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001, Tanzania Bara kanuni bado zinaviruhusu, na mjadala kila ukianza kauli hiyo hurudi.

Lakini tazama kinachotokea katika sekunde yenyewe. Mtoto amemwaga uji kwenye sare asubuhi, daladala inapita. Mkono wa mama uko juu kabla hajaamua. Baadaye anajichukia, anamnunulia mtoto juisi, anaapa haitatokea tena. Mama huyu si katili. Kelele, haraka na kumwagika kwa kitu vimeamsha jikoni ya zamani ambamo yeye ndiye aliyekuwa mtoto, na kutoka jikoni ile alijifunza jibu moja tu. Usiku akiwa ametulia anajua majibu kumi mengine, lakini saa kumi na mbili na nusu asubuhi hayamfikii.

Je, basi, aliyepigwa lazima apige? Hapana, na hili watu hulisikia kwa nadra. Mwaka 1989 mtafiti Cathy Spatz Widom alichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 908 ambao mahakama ilithibitisha kwamba walitendewa ukatili au walitelekezwa utotoni, akiwalinganisha na wengine 667 wa mazingira yaleyale wasio na historia hiyo. Waliokamatwa kwa makosa wakiwa bado vijana walikuwa asilimia 26 katika kundi la kwanza na asilimia 17 katika la pili. Tofauti ipo, tena ni ya kweli. Ila asilimia 74 ya wale walioumizwa hawakukamatwa ujanani. Anayesema "mtoto wa mlevi atakuwa mlevi" amelichukulia jambo la uwezekano kama hukumu, na mtoto anayesikia hivyo kila siku anaongezewa mzigo mwingine.

Kilichowasaidia walioepuka kimechunguzwa pia. Huko Minnesota, Marekani, mtafiti Byron Egeland na wenzake waliwafuatilia akina mama maskini kwa miaka mingi, na mwaka 1988 wakaeleza kilichowatofautisha mama waliopigwa utotoni wakapiga na wale waliopigwa wasipige. Wale wasiopiga walikuwa na mtu mzima mmoja utotoni aliyewapenda bila kuwaumiza, au waliwahi kupata tiba ya nafsi kwa muda mrefu, au walikuwa na mwenzi mtulivu wa kutegemewa. Mtu mmoja. Anaweza kuwa bibi, mjomba, mwalimu wa madrasa, jirani ambaye mlango wake haukufungwa usiku. Mbele ya mtu huyo mtoto alionja jibu lingine, na mwili ulilishika nalo.

Ila sio wote waliobahatika, na kwa mtu mzima ambaye hakumpata huyo mmoja kazi inabaki kufanywa sasa. Hapa tena Uganda inaingia. Wajerumani Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert walitengeneza tiba fupi ya kusimulia, na mojawapo ya majaribio yake ya mwanzo lilifanyika kwa wakimbizi wa Sudan katika makazi ya Imvepi. Matokeo yalitoka mwaka 2004. Idadi ilikuwa ndogo, watu 43, lakini baada ya mwaka mmoja waliobaki na ugonjwa wa kiwewe kati ya waliopata tiba ile walikuwa asilimia 29, wakati kwa waliopata ushauri wa kawaida au elimu tu ilikuwa karibu asilimia 80. Jaribio kubwa zaidi, la Wanyarwanda na Wasomali 277 huko Nakivale, makazi mengine ya wakimbizi, lilichapishwa mwaka 2008. Safari hii watoa huduma hawakuwa madaktari bali wakimbizi wenyewe waliofunzwa, na watu walipata nafuu. Inafaa kusema pia kwamba Nakivale waliopewa ushauri nasaha kuhusu kiwewe walipona karibu sawa na wale waliosimulia, kwa hiyo njia si moja.

Namna tiba hiyo ya kusimulia inavyofanyika ni hivi. Kamba inalazwa sakafuni. Ncha moja ni kuzaliwa, ncha nyingine imeviringishwa kwa kuwa maisha yanaendelea. Mtu anapewa maua na mawe. Anaweka ua pale palipokuwa na jema, jiwe pale palipoumiza, makubwa kwa madogo, na kila kimoja anakitaja kwa ufupi kwa jina. Vikao vinavyofuata anasimulia maisha tangu mwanzo kwa mpangilio. Wakifika kwenye jiwe wanapunguza mwendo: ulikuwa wapi, ni mwaka gani, ulisikia harufu gani, mwili ulifanya nini, na sasa hivi hapa kwenye kiti unasikia nini mwilini? Mhudumu anaandika. Kikao kinachofuata anamsomea, wanasahihisha, wanaendelea. Hofu iliyokuwa inaelea bila tarehe inafungwa mahali pake: ilikuwa pale, mwaka ule, na leo ni leo.

Hakuna tiba inayofuta. Mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov aliliona zamani kwa mbwa wake wa majaribio: mazoea yaliyozimwa hurudi yenyewe baada ya kupumzika, ishara kwamba la zamani halikufutika, limewekewa jipya pembeni. Ndiyo maana mtu aliyetulia mwaka mzima anaweza kurudia tabia ileile akifiwa, akikosa usingizi, au akipata mtoto wake wa kwanza. Ndugu wakiona hivyo husema hajabadilika. Amebadilika, na la jipya linahitaji kutumiwa tena na tena, katika hali tofauti, mpaka liwe jepesi kufikiwa kuliko la zamani.

Dini imewabeba wengi katika haya, na sitaki kuidharau. Msikiti au kanisa linaweza kuwa ndiye yule mtu mmoja. Ninachoomba ni kwamba "samehe usahau" isitangulie kusikiliza. Aliyeamriwa kusamehe kabla hajasimulia hujifunza kunyamaza, na kunyamaza alikuwa anakujua tayari.

Kwa anayetaka kuanza, hospitali za rufaa zina vitengo vya afya ya akili. Mirembe iko Dodoma, Muhimbili Dar es Salaam, Mathari Nairobi, Butabika Kampala. Namba 116 ni ya bure Tanzania na Kenya kwa masuala ya watoto, na mtu mzima anayemhofia mtoto wa jirani anaweza kuipiga. Ukimpata mshauri, tazama anavyoanza. Anayejua kazi atauliza kwanza kama unakoishi sasa kuna usalama, unalalaje, nani yuko nawe. Anayekulazimisha umwage yote siku ya kwanza, muage. Tiba ile ya kamba huchukua vikao kati ya vinne na kumi na viwili hivi, na mtu ambaye utoto wake wote ulikuwa geti la kusikilizwa anaweza kuhitaji miezi mingi zaidi. Ukienda, si lazima uwe na hadithi iliyonyooka. Unaweza kuanza na tabia yenyewe: "Kila nikipendwa naondoka, na sijui kwa nini." Hiyo inatosha kwa kikao cha kwanza.